Diwani Hakwenda India

Fakhriya hakuzaliwa na kipaji cha kunyamaza. Marehemu mama yake alimwambia tangu msichana kwamba mdomo ule utamwoza au utamwachisha, na kweli ulifanya yote mawili, kila moja kwa wakati wake. Dukani kwake Mtaa wa Sikukuu, alikouza mashuka na mapazia kama baba yake na babu yake aliyetoka Hadhramaut, wateja walimsikia kabla hawajamwona. Ndiyo maana Josepha alipogombea udiwani mara ya kwanza hakuhangaika kutafuta mpiga debe. Alivuka barabara kutoka kwenye duka lake la viatu vya jumla, akaegemea marobota ya mashuka, akasema, "Fakhri, naomba mdomo wako."

"Uchukue wote," Fakhriya akajibu. "Nyumbani kwangu hawautaki."

Walikuwa wametoka mbali, hao wawili. Josepha alianza Kariakoo na kiroba cha viatu vya mtumba, akivitandaza chini kwenye turubai, na mvua ikija alikimbilia kibaraza cha akina Fakhriya. Pilau ya Idi ilivuka barabara kwenda kule, ndizi nyama za Krismasi zikavuka kuja huku, miaka nenda miaka rudi.

Na alipopata udiwani, Josepha hakuwa wa hovyo. Nyuma ya duka la Fakhriya kulikuwa na uchochoro kati ya maghorofa mawili ambamo mama lishe walipika ubwabwa na maharage kwa wachukuzi, makuli na wauza duka. Mara kwa mara walitishiwa kuondolewa. Siku moja mgambo walikuja na lori, Josepha akasimama katikati ya uchochoro na vitenge vyake, akawaambia kuwa hatoki mtu pale mpaka wapatiwe mahali penye maji na choo. Lori liligeuza. Siku hiyo wanawake wale walimbeba juujuu kama bibi harusi.

Basi uchaguzi uliporudi, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Josepha alifungua kampeni kwa vifijo, akacheza jukwaani mpaka kilemba kikamvuka. Kesho yake hakuonekana.

"Ana mafua," alisema Eliakimu, mdogo wake, aliyekuwa meneja wa kampeni. Fakhriya akapanda jukwaani akawaambia watu diwani ana mafua. Wiki iliyofuata Eliakimu akasema dada yake ameitwa Dodoma kikazi. Fakhriya akatangaza Dodoma. Kisha ikawa India, uchunguzi wa kawaida tu wa afya, hamna cha kutisha. Fakhriya akatangaza India.

Simu ya Josepha haikupokelewa. Ujumbe ulijibiwa: "Niko poa shosti, tutaonana." Fakhriya aliutazama ujumbe ule kwa muda. Josepha hakuwahi kumwita shosti maisha yake yote. Lakini mtu akiwa mbali hubadilika lugha, akajisemea, akaiweka simu chini.

Mtaani maneno yakaanza kuota. Wapo waliosema amelogwa na mpinzani wake. Wapo waliosema amekufa, maiti inafichwa mpaka kura zipigwe. Hafidhi, aliyeuza makava ya simu mlangoni pa duka, alisema kwa sauti kwamba diwani amekimbia na mwanamume Dubai, na Fakhriya akamfukuza kibarazani pake na meza yake.

"Nenda kauzie uongo wako kwingine!"

"Uongo wangu mimi, Mama Azzam?" Hafidhi akajibu huku anakusanya makava yake. "Au wako? Leo mafua, kesho Dodoma, keshokutwa India. Hayo mafua gani yanapanda ndege?"

Watu wakacheka. Fakhriya hakucheka.

Mgambo walikuja asubuhi moja ya Alhamisi, wakati chai inachemka na vitumbua viko kwenye mafuta. Safari hii hawakuwa na maneno. Fakhriya alisikia vishindo, akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma, akakuta uchochoro mzima umepinduliwa. Maharage yanatiririka kwenye mtaro. Masufuria yanarushwa juu ya lori kama takataka. Benchi zinavunjwa kwa mateke. Mwanamke mmoja aliketi chini kwenye maji machafu ameshika mwiko tu, kama vile hajui umefikaje mkononi.

Candida, aliyekuwa mkubwa wao, alikuja dukani baada ya lori kuondoka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua kwa mafuta kuanzia kiwiko hadi kiganja. Fakhriya alimletea kiti, hakukikalia. Alimletea maji, hakuyanywa.

"Twende hospitali kwanza, Candida."

"Nitaenda. Kwanza nijibu. Kile kikao cha kuamua uchochoro wetu, Mheshimiwa si alituahidi kwa kinywa chake? Alisema baraza likivunjwa kupisha uchaguzi atakuja hata kama raia wa kawaida, akae upande wetu, aseme. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Tukakuuliza wewe, atakuja? Ukasema atakuja. Tukakaa kule ndani na vitenge vyetu vya kushonesha, tunatazama mlango. Wanaume wamevaa suti wanatuuliza, msemaji wenu yuko wapi? Tunasema, anakuja. Mpaka wakamaliza wakafunga makabrasha yao." Candida aliupuliza mkono wake ulioungua. "Mtu akiumwa si anaumwa? Tungesema, jamani, msemaji wetu mgonjwa, tupeni siku nyingine. Au tungetafuta mwingine. Hata wewe ungekuja kutusemea. Lakini umetuweka tunasubiri. Yuko wapi, dada?"

Fakhriya alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukutoa kitu.

Alasiri ile ile gari la matangazo likapita Mtaa wa Sikukuu, muziki juu, bendera zinapepea. Kisha muziki ukashushwa na sauti ya Josepha ikatoka kwenye spika, nene, yenye uchangamfu: "Ndugu zangu wapendwa! Mimi ni mzima wa afya, niko safarini, narudi karibuni, tuko pamoja!" Watu wakashangilia. Wengine wakasema, mnaona, si huyo?

Fakhriya aliacha mita ya kupimia pazia ikaanguka. Katikati ya maneno yale, nyuma ya sauti ya Josepha, palisikika kicheko cha mwanamke. Kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Ile sauti ilirekodiwa humu humu dukani kampeni iliyopita, Josepha aliposafiri kwenda kuzika Moshi. Walijificha kati ya marobota ili kelele za barabara zisiingie, na Fakhriya alishindwa kujizuia kucheka.

Hakufunga duka. Aliliacha wazi, akavuka barabara, pikipiki ikamkosakosa, akapanda ngazi za ofisi ya kampeni juu ya duka la viatu. Eliakimu alikuwa na wapambe wake, katikati ya maboksi ya kofia na fulana, wanakula mishikaki.

"Shikamoo dada," Eliakimu akasema.

"Usiniamkie. Josepha yuko wapi?"

"India, dada, si nilikuambia..."

"Nitafungua hilo dirisha sasa hivi." Fakhriya hakupandisha sauti, na wapambe waliomjua wakaacha kutafuna. "Nitafungua hilo dirisha na kuwaambia Kariakoo yote kwamba hiyo sauti mnayoitembeza ni ya miaka mitano iliyopita. Unanijua. Nitasikika mpaka Jangwani."

Eliakimu akafuta mikono, akawatoa wapambe nje kwa ishara ya kichwa. Mlango ulipofungwa alikaa juu ya boksi.

"Alianguka usiku wa ule ufunguzi. Kiharusi. Upande wa kulia wote, na kusema hawezi. Yuko Upanga, nimepanga fleti, kuna nesi. Madaktari wanasema atapata nafuu pole pole."

"Na mimi hukuniambia."

"Wewe? Dada, wewe ukiambiwa kitu si kimeambiwa mji mzima?"

"Nilikuwa nasimama kwenye jukwaa lako naapa kwa Mungu!"

"Ndiyo maana waliamini. Ulikuwa unaamini mwenyewe." Alisema hivyo kama anamsifu. "Siasa ndivyo ilivyo. Jina lake lishapita, liko kwenye karatasi ya kura. Akishinda, mengine tutajua mbele. Hawa watu wa chini hawataki kujua nani ana kiharusi, nani hana. Wanataka kofia, wanataka fulana, wanataka ngoma."

"Candida kaungua mkono."

"Candida ndiye nani?"

Fakhriya akafungua mlango. "Nipeleke Upanga," akasema.

Josepha alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani amefunikwa shuka, na Fakhriya alilitambua lile shuka, lilitoka dukani kwake. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alipomwona Fakhriya, jicho lake likajaa machozi, na Fakhriya akapiga magoti akamshika, wakakaa hivyo.

Kisha akamweleza. Alimweleza habari za kikao na mlango uliotazamwa, maharage kwenye mtaro, mkono wa Candida. Alitegemea kuona mshtuko. Josepha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono wake mzima, akaweka kidole juu ya mdomo wake ulioshuka.

"Usi," akasema. Ilimchukua jitihada mpaka jasho likamtoka. "Usi... wa... ambie."

Fakhriya akainuka. "Ulikuwa unajua?"

Josepha akafumba macho.

"Unajua wanachosema kule nje? Unajua kwamba mimi ndiye ninayekwenda kusema India?"

Kichwa kikainama. Ndiyo.

Hapo hasira ikampanda Fakhriya kuliko hata mbele ya Eliakimu, maana Eliakimu hakuwa rafiki yake. Nesi alisogea kumzuia, akamkwepa.

"Ugonjwa si dhambi! Nani angekucheka? Mimi ningekuogesha kwa mikono hii, nikakulisha! Wale wanawake wangekuja kukupikia uji zamu kwa zamu! Lakini umeona ni heri wamwagiwe mafuta kuliko wakuone mdomo umepinda. Aibu yako ndiyo kubwa kuliko riziki zao? Umekaa hapa dirishani na shuka langu, unataka kiti ambacho huwezi kukikalia, na mimi umenifanya kasuku wako!"

Uso wa Josepha ulibadilika. Ulianza kutetemeka, upande mzima ukauvuta ule uliokufa, na neno likatoka, halikukatika wala halikuvutwa:

"Toka kwangu, mshenzi mkubwa wewe!"

Nesi aliweka mkono kifuani. Tangu aanguke, Josepha hakuwahi kutoa sentensi nzima. Josepha mwenyewe alishangaa, akajigusa midomo.

"Alhamdulillah," Fakhriya akasema. "Angalau hilo limetoka." Akachukua pochi yake akashuka ngazi analia, na hasira haikupungua hata chembe.

Mkutano mkubwa wa mwisho, siku tatu kabla ya kampeni kufungwa, ulikuwa kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Eliakimu hakumwita Fakhriya jukwaani. Alileta wanamuziki, akaleta wazee wa chama, akadai kwamba Mheshimiwa angekuwapo isipokuwa ndege imechelewa. Lakini mama lishe walikuwa wamekaa mbele, Candida katikati na bandeji yake, na wakaanza kuimba jina la Fakhriya. Umati ukadakia. Eliakimu akaona akikataa itakuwa mbaya zaidi. Alimpa maiki, na akiwa anampa akamnong'oneza, "Mfikirie rafiki yako, dada."

Alikuwa anamfikiria. Hilo ndilo watu hawakulijua baadaye walipomhukumu. Aliishika ile maiki, akaona ule uso uliopinda, akaona kidole juu ya mdomo. Kisha akaona bandeji.

"Diwani wenu hakwenda India," akasema. "Hakwenda Dodoma. Hana mafua. Amepata kiharusi, yuko hapa hapa mjini, ni mgonjwa, na ile sauti kwenye gari..."

Maiki ikazimwa. Fakhriya akaitupa chini. Sauti iliyouza mashuka Kariakoo umri mzima haikuhitaji umeme. "...ile sauti ni ya zamani! Mmefanywa wajinga, na mimi nimetumiwa kuwafanya! Mkitaka kumpigia kura mpigieni, ni mtu mwema, lakini mpigieni mnajua! Na anayewaambia ndege imechelewa mwulizeni, ndege gani?"

Chupa ya maji ikaruka ikampiga begani. Mtu akapiga kelele, "Mwongo mkubwa! Umeanza lini kusema kweli?" Mwingine akapiga kelele kwamba amenunuliwa na upinzani. Wanawake wa mbele walikuwa wanalia. Candida peke yake ndiye aliyepanda jukwaani, akamshika mkono, akamshusha.

Alidhani amemaliza. Alidhani kinachofuata ni Eliakimu kufungasha maboksi yake. Kumbe hakuwa amemjua vizuri.

Kesho yake alfajiri gari la matangazo likapita tena, muziki umebadilishwa, sasa ni kwaya ya huzuni. "Mpigie kura mama yetu anayepambana na maradhi! Alijitoa kwa ajili yako mpaka akaanguka! Usimwache!" Na kwenye kila nguzo, pamoja na ukuta wa duka la Fakhriya, ilibandikwa picha ya Josepha kwenye kile kiti cha dirishani, macho hayajui kama yanapigwa picha, mdomo umepinda, ute unang'aa kidevuni.

Fakhriya aliibandua kwa kucha. Eliakimu alikuwa anatembea na wapambe, anagawa vipeperushi. Alipomwona akafungua mikono.

"Dada! Nilikukasirikia jana, nikuombe radhi. Umetufungulia njia. Huruma inauza kuliko fulana."

Kibao kilisikika mpaka upande wa pili wa barabara. Kofia ya Eliakimu ikaanguka kwenye maji ya mtaro. Wachukuzi wakasimamisha mikokoteni.

"Ulisema hawataki kujua!" Fakhriya alipiga kelele, na wapambe wawili wakamshika mikono. "Ulisema wanataka ngoma! Walipojua ndio hao wanalia, ndio hao wanataka kumpigia! Ungewaambia siku ya kwanza wangempa kura hizo hizo, na Candida angekuwa na mkono mzima, na wale wangekuwa na jiko! Ulidanganya bure! Bure kabisa, Eliakimu!"

Eliakimu alishika shavu lake, akainama kuiokota kofia.

Josepha alishinda. Alishinda kwa kishindo, na usiku kucha ngoma zilipigwa mbele ya duka la viatu. Fakhriya alilala kwa mwanawe, asizisikie. Wateja wake wa zamani walipungua. Wengine walisema alimwanika rafiki yake, wengine walisema alichelewa. Yeye aliuza mashuka.

Habari za Upanga alizipata kwa Candida. Mama lishe walikwenda kule na uji wa ulezi, na mlinzi alipowazuia wakakaa ngazini mpaka wakaruhusiwa. Mmoja wao, kwa nia njema, akamwonyesha Josepha picha ile kwenye simu. Josepha aliitazama. Eliakimu alipoingia jioni alimwonyesha mlango kwa mkono wa kushoto, na neno "toka" siku hiyo pia lilitoka zima.

Siku ya kiapo alisimama na fimbo mbele ya madiwani wenzake. Wakamwambia anaweza kuitikia kwa kichwa tu. Akakataa. Alikisema kiapo chote, neno baada ya neno, ukumbi mzima unasubiri, na kila neno lilikuwa kama gunia analolipandisha ngazi.

"Na baada ya hapo?" Fakhriya akauliza.

"Baada ya hapo akaulizia uchochoro."

"Mimi hakuniulizia?"

Candida akatazama pembeni. "Hapana, dada."

Mama lishe walirudi kidogo kidogo, kama kawaida ya watu wasio na pa kwenda. Na mgambo nao wakarudi. Safari hii, lori lilipoingia mtaani, bajaji ilikuwa imeshafika mbele yake. Josepha alishushwa na binti yake, akaingia katikati ya uchochoro kwa fimbo, akaketi kwenye kigoda cha Candida. Hakuhutubia. Aliketi tu, anahema, uso wake uliopinda ameuelekeza kwa mkuu wa mgambo, amtazame atakavyo.

Fakhriya alikuwa mlango wa nyuma. Aliona kile kigoda kinavyoyumba. Aliingia ndani, akatoka na kiti chake cha dukani, chenye mgongo na mikono, akapita mbele ya mgambo bila kuwatazama, akakibwaga.

"Kalia hiki. Ukianguka hapa mimi sina nafasi ya msiba."

Josepha akainua macho. Ilimchukua muda. "Sija... kusa... mehe."

"Nani kakuomba? Mimi ndiye niliyesubiri uniombe."

"Ulini... anika."

"Ulinifanya kasuku."

Walitazamana, wanawake wawili wazee, wote wawili vifua vinapanda na kushuka. Kisha Josepha akamnyooshea mkono mzima, si kwa upole, kama mtu anayedai. Fakhriya akamshika kwapani, akamhamisha kutoka kwenye kigoda, akamkalisha kwenye kiti, akamweka sawa mguu uliokufa. Mkuu wa mgambo akajikohoza.

"Mheshimiwa, sisi tumetumwa tu..."

"Basi rudini mkawaambie waliowatuma waje wenyewe," Fakhriya akasema. Kisha akamgeukia Josepha. "Au unataka kusema mwenyewe?"

"Mwenyewe," Josepha akasema.

Fakhriya akafunga mdomo wake, akasimama pembeni kwa hasira zake zote, akamwacha aseme.